Msimguse Mbuzi Mpaka Swaleh Aje

Mumbua mwanangu,

Mbuzi wa Krismasi yetu ya mwisho kule Shauri Moyo hakuchinjwa na Mwislamu, na mimi nilijua hivyo kabla sahani ya kwanza haijatoka jikoni. Neno hili nimelificha miaka kumi na saba. Umekua ukiamini kwamba siku ile nilidanganywa pamoja na jirani zetu akina Swaleh. Sikudanganywa. Nilikuwepo, na mikono yangu ilikuwepo.

Ninaandika saa kumi za alasiri, hapa mezani karibu na dirisha, wewe ukiwa umeshuka soko la Gikomba kutafuta sanduku la safari. Utaona herufi zinapanda na kushuka kama za mtoto wa darasa la kwanza. Kalamu imeanguka mara mbili, na mara zote mbili imebidi nimwite shangazi yako Ndinda aniokotee, naye kila akiinama anachungulia karatasi.

"Kaka, unaandika wosia?"

"Naandika orodha ya dawa."

Unaona mwenyewe. Hata leo uongo unanitoka kabla sijauita.

Sitakuandikia mambo ya funguo, wala ya kutunza kitambulisho, wala ya watu wa kuepuka. Hayo mama yako aliyamaliza kabla hujafika darasa la sita, na Ndinda atakurudia yote kesho mlangoni mpaka treni ikaribie kukuacha. Wala sitakuficha hali yangu, maana daktari alituambia sote wawili tukiwa tumekaa pamoja. Krismasi ijayo sitarajii kuiona. Nataka kukuzuia jambo moja tu, na ili nikuzuie inabidi nikuambie mengine.

Jumapili ulikuwa unapiga pasi. Ukasema, "Baba, nikifika Mombasa nitakaa kwa kina Rukia mpaka nipate nyumba karibu na kazi. Halafu Idi inanipata huko huko, wamesema lazima nile nao." Nikasema ni vizuri. Ukaendelea bila kuinua macho: "Na ile stori ya mathe nataka kuimaliza. Siku ya Idi, tukiwa tumekaa wote, nitamwomba Mzee Swaleh msamaha kwa niaba yake. Tusonge mbele."

Nilikuuliza kama chai ina sukari. Ukacheka, ukasema nimezeeka. Nilijua ina sukari. Nilikuwa natafuta mahali pa kuweka uso.

Usimwombe Swaleh msamaha kwa niaba ya mama yako. Hilo ndilo jambo lenyewe. Sasa nisikilize.

Wewe unaikumbuka Krismasi ya Shauri Moyo kama mtoto: nyama, soda, nguo mpya, na wewe na Rukia mkigombana nani atamshika mbuzi masikio. Hujui ilianzaje. Mimi na mama yako tulipoingia katika nyumba ile ya kanjo, ya kupanga kwa baraza la jiji, hatukumjua mtu. Nilikuwa karani kijana wa mahakama pale Makadara, nikienda kazini kwa miguu na kalamu mbili mfukoni ili nionekane. Wiki ya pili tukasikia hodi. Mwanamke aliyejitanda leso alikuwa amesimama na bakuli la kauri lenye maua mekundu, limefunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Ndani lilikuwa pilau, moshi bado unatoka.

"Leo Idi, jirani," alisema. "Haiwezekani mkae hapo mkinusa tu."

Huyo ndiye mke wa Swaleh, tuliyekuja kumwita Mama Rukia, ingawa Rukia alikuwa hajazaliwa, wala wewe. Mama yako hakulirudisha lile bakuli likiwa tupu. Alilirudisha na ndengu na chapati. Kwao Machakos chombo cha jirani hakirudi kitupu, na kwa akina Swaleh ni vivyo hivyo. Katika hilo hakuna aliyemfundisha mwenzake.

Krismasi ilipofika nikapeleka kuku. Nilimchinja mwenyewe, mama yako akampika kwa ujuzi wake wote, nikambeba juu ya sahani kama mtu anayepeleka zawadi kwa gavana. Swaleh alimpokea kwa mikono miwili. Jioni alikuja kwetu na sahani yetu ikiwa na tende, akakaa, akakataa chai kwanza ili aseme.

"Jirani, sitaki nikae na wewe kwa uongo. Yule kuku tumempa mlinzi wa pale kwenye ghala, Mkristo mwenzako, na amemfurahia sana. Sisi hatuli kisichochinjwa na Mwislamu. Ungekuwa mtu wa kupita ningenyamaza, ningesema kuku alikuwa mtamu. Lakini wewe naona hatuachani leo wala kesho. Mwaka ujao nunua mbuzi, uniite nichinje mimi, tule wote mpaka tushindwe kusimama."

Nakumbuka nilivyoona aibu, na jinsi aibu ile ilivyoisha kabla hajamaliza chai. Mtu alikuwa amechagua kuniudhi kidogo kuliko kunidanganya. Nilikuwa sijawahi kufanyiwa hivyo na mtu ambaye si ndugu.

Basi kila Krismasi ikawa hivyo. Swaleh alikuja asubuhi, amevaa shati kuukuu, kisu chake kimefungwa ndani ya gazeti. Alimgeuza mbuzi uso upande wa Pumwani, ndiko kwenye kibla, akasema maneno yake, akachinja mara moja, damu ikaenda mtaroni. Kisha alirudi kwao kuoga na kuja na watu wake: mama yake Bi Zainabu, mkewe, watoto. Idi nayo, mama yako aliamka gizani kwenda kumenya vitunguu saumu kwa Mama Rukia, na ninyi watoto mkapata kaimati kabla ya mtu yeyote. Mwanangu, sikuwahi kuliona kama jambo kubwa. Krismasi yangu kila mwaka ilikuwa haianzi mpaka Mwislamu afike na kisu, na niliona ni kawaida kama kungoja maji yachemke.

Kazini mimi ndiye niliyewapa mashahidi kitabu cha kuapia. Biblia upande huu, Kurani upande huu. Nilimtazama mtu anavyonyoosha mkono, na baada ya miaka kadhaa nilidhani naweza kumtambua mwongo kwa kumtazama tu. Anayedanganya huongeza jambo ambalo hakuulizwa. Nililisema hilo mara nyingi pale nyumbani, nikijisifu mbele ya wageni. Swaleh mwenyewe alilisikia.

Sasa Krismasi ile. Wewe ulikuwa na miaka tisa. Baba yako mkubwa, Kimeu, alikuja mkesha wake kutoka Machakos na beberu mweusi aliyefugwa na nyanya yako. Alfajiri mama yako alitoka mapema. Akiwa mlangoni alinigeukia.

"Msimguse mbuzi mpaka Swaleh aje. Atachelewa kidogo, ana majoho ya kwaya ya kumaliza."

Swaleh ndiye aliyepewa kazi ya kushona majoho mapya ya kwaya ya kanisa letu, yale ya zambarau, na vitambaa vilikuwa vimechelewa kufika. Kwa hiyo asubuhi ya Krismasi fundi Mwislamu alikuwa kwenye cherehani, akiwahi ili Wakristo wapate nguo za kuimbia. Wewe ulichukuliwa kanisani na watoto wenzako kufanya mazoezi ya igizo, umevaa mabawa ya karatasi. Nyumbani tukabaki mimi, Kimeu na mbuzi. Saa mbili na nusu akaingia Njoroge, yule muuza viatu wa nyumba ya nyuma, aliyekuwa hakosi mahali penye moto.

"Karani," Kimeu akaanza, "tunangoja nini?"

"Tunamngoja Swaleh achinje."

"Swaleh ndiye nani?"

"Jirani. Fundi wa nguo."

Kimeu akamtazama mbuzi, akanitazama mimi. "Mbuzi ni wa mama. Kamba ni yangu. Krismasi ni ya Yesu. Huyo fundi wa nguo anaingilia wapi?"

Njoroge akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwambie, mzee. Mimi kila mwaka nasimama hapa naiona damu ikienda mtaroni na roho inaniuma. Damu ya kujazia utumbo tukachoma mutura wa watu kumi inaenda na maji machafu, na hakuna wa kuililia."

"Damu yote?" Kimeu aliuliza.

"Yote. Mpaka tone la mwisho. Karani anaisindikiza kwa ndoo ya maji."

Nilicheka nao. Nikasema Swaleh ni rafiki, na tumezoea. Ikafika saa tatu, saa tatu na nusu. Kimeu hakuinua sauti. Alikuwa mtu wa kusema polepole.

"Mimi sina neno. Nikirudi nyumbani nitawaambia ndugu yenu yuko salama Nairobi. Ana tai nzuri. Mbuzi wa mama yake akifika anaketi naye kama mgonjwa anayengoja daktari, mpaka mwenye ruhusa aje. Mama atafurahi kusikia."

"Huyu amesoma," Njoroge akasema. "Waliosoma hawajui kisu kinashikwa upande gani."

Ningeweza kukuambia walinilazimisha. Hawakunilazimisha. Kimeu alisema, "Babu hakupoteza damu," akamlalia mbuzi shingoni, akamziba mdomo na pua kwa mikono yote miwili, kama tulivyoona babu akifanya tulipokuwa watoto. Mbuzi alipoanza kurusha miguu, aliyeishika miguu ni mimi. Niliishika mpaka ikatulia. Njoroge alileta sufuria ya kukingia damu. Nakumbuka nilijisikia mwanamume. Nakwambia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Majuto yalikuja baadaye. Furaha ndiyo iliyotangulia.

Swaleh alifika karibu saa sita, shati kuukuu, gazeti kwapani. Nyama ilikuwa tayari motoni. Alisimama akainusa, akatabasamu, akauliza swali ambalo mtu yeyote wa dini yake angeuliza.

"Nani amenichinjia?"

Nikamjibu, "Tulimpata Bakari." Bakari alikuwa kijana wa Majengo aliyechinja kuku sokoni. Kisha nikaongeza, bila kuulizwa: "Alikuwa anapita na kisu chake, tukaona tusikusumbue na kazi ya majoho."

"Mungu amjalie. Leo mmenipumzisha," Swaleh akasema, akarudi kuoga. Akaja na watu wake wote. Bi Zainabu alikuwa hana meno. Nilimkatia ini mwenyewe, vipande vidogo, nikamwekea sahanini. Alinibariki. Alisema mimi ni mwanawe aliyezaliwa kwingine.

Mama yako alirudi kutoka ibadani saa saba, bado amevaa joho. Alipita nyuma kunawa, akaona ngozi imetundikwa ukutani. Ngozi ile haikuwa na alama ya kisu shingoni. Alirudi ndani, akatazama waliokuwa wanakula, akaninong'oneza kwa Kikamba, "Ni nani aliyemuua?" Nikamwambia, "Nyamaza, wageni wanakula." Akanyamaza. Labda unakumbuka kwamba siku ile hakula nyama, alisema tumbo linamsumbua. Wewe ndiye uliyekula sehemu yake.

Hilo ndilo kosa lake. Alinyamaza watu wakiwa na nyama mikononi. Kama kuna anayemdai mama yako neno, anamdai hilo, wala si zaidi ya hilo.

Kesho yake Kimeu alipanda gari akarudi. Njoroge alibaki na mutura, na mutura ulimfanya awe na maneno. Pale anapouzia viatu aliwaonjesha wateja na kuwaeleza jinsi mbuzi alivyozibwa pumzi, damu isipotee hata kijiko. Aliieleza kama sifa. Habari ikavuka barabara mpaka kwenye kibanda cha Swaleh. Yeye hakuja mbio. Kwanza alimtafuta Bakari, akaambiwa Bakari yuko Thika kwa dada yake tangu siku mbili kabla ya Krismasi. Ndipo akaja kwetu, jua likiwa limeanza kuinama. Hakuvua viatu, na nikajua hataingia.

"Baba Mumbua," akasema, "aliyekula bila kujua hana dhambi. Nimemweleza mama yangu hivyo tangu mchana na bado amekataa kutia kitu mdomoni. Lakini sikuja kwa ajili ya nyama. Nimekuja kwa sababu niliuliza."

Nitarudi pale mlangoni. Sasa hivi mkono umechoka, na si mkono peke yake.

Wewe ulikuwa kitandani, nyuma ya pazia. Ulichosikia ni sauti ya mama yako ikisema, "Ni mimi." Kwa hilo moja ukajenga mengine yote: kwamba mama alimwita mtu asiyefaa, kwamba aliwadanganya jirani na kunidanganya mimi, kwamba ndiye aliyefanya Rukia asije tena kucheza mlangoni petu. Sikukusahihisha. Nilikutazama ukiyajenga.

Idi iliyofuata mama yako alifagia mapema, akaketi kwenye ngazi ya mlango. Harufu ya pilau ilikuja. Bakuli halikuja, na halingeweza kuja, kwa sababu lilikuwa kwetu. Lilikuja na pilau ya Idi iliyotangulia, nasi tulikuwa tumepanga kulirudisha na nyama ya Krismasi. Sasa angelirudisha na nini? Tupu hawezi, ni matusi. Na chakula kilichotoka kwenye sufuria yetu nani angekila? Siku moja alilijaza sukari, kitu ambacho hakikupita motoni kwetu, akalifunga kitambaa, akaenda. Nilimwona kupitia dirishani. Alifika mlangoni kwao, akasimama kwa muda ambao mtu angeweza kula chapati nzima, akageuka. Sukari aliirudisha kwenye kopo. Hatukuitumia mwezi ule, alinunua nyingine.

Unakumbuka ulivyolitia unga lile bakuli, tulipokwisha kuhamia hapa Donholm, akakufokea mpaka ukalia? Ulidhani ni ukali wa uzee.

Kuna neno jingine ulilomwambia, ukiwa na miaka kumi. Alikuwa anachambua maharagwe. Ulisimama mbele yake na sare ya shule, ukamwambia, "Wewe ndiye uliyenifanya nikose rafiki. Hata ukipika nini sitaki." Akasema, "Chukua basi ndizi, usilale njaa." Mimi nilikuwa kwenye kiti, gazeti mkononi, hatua nne kutoka kwenu. Niligeuza ukurasa.

Nimehudhuria kesi nyingi maishani. Nimeona watu wakikana wizi, wakikana watoto, wakikana saini zao wenyewe. Sidhani niliona mtu akifanya jambo baya kuliko kule kugeuza ukurasa.

Baadaye akina Swaleh wakahamia Mombasa kwa nduguye. Bi Zainabu alikuwa amekwisha kufa. Tulisikia kwa watu, hatukuitwa. Miaka ikapita na mama yako akaugua. Wiki ya mwisho, pale wodini, uliposhuka kununua maziwa, aliniuliza, "Utamwambia lini?" Hakusema nini wala nani. Nikajibu, "Akimaliza masomo." Akafumba macho, akasema, "Haya." Ulimaliza masomo, ukapata kazi, ukapoteza kazi, ukapata nyingine, na mimi nikaendelea kuwa na sababu. Kama Rukia asingekutafuta kwenye simu mwaka huu, ningekufa nazo.

Unapolia makaburini hulii kama watoto wengine. Nimekuona. Unalia kama mtu anayemsamehe mama yake. Kila mara nimetaka kukushika bega na kukuambia hakuna cha kumsamehe, na kila mara nimesema tuondoke kabla ya mvua.

Nilifikiri niiweke barua hii ndani ya sanduku lako, chini ya nguo, uione ukiwa mbali nami. Ni njia rahisi, na ndiyo maana nimeikataa. Nitakupa mkononi ukirudi, kabla ya chakula, nami nitakaa hapa hapa ukisoma. Ukitaka kuniuliza, uliza. Ukitaka kupiga kelele, Ndinda atazoea. Ukitaka kuondoka usiku huu ukalale kwa rafiki, sitakushika mkono. Ila usiache kwenda Mombasa kwa ajili yangu, wala kwa ajili ya barua hii. Nenda ukale Idi na watu wale. Watakuwekea bakuli mbele, na hawatakuuliza wewe ni mtoto wa nani kwa maana mbaya.

Bakuli lenye maua mekundu nimemwambia Ndinda alifunge ndani ya blanketi. Lina ufa mdogo ukingoni, wa zamani, si wetu. Ukifika Mombasa nunua sukari huko huko, ulijaze, umpe Mama Rukia. Mwambie mama yako alilileta mpaka mlangoni. Kama Mzee Swaleh atauliza habari zangu, mwambie niko hai, au sivyo, kulingana na siku. Salamu sitaki umpe. Kama utapenda kumsomea barua hii, msomee. Sijaiandika kwa ajili yake, lakini hakuna lililomo ambalo halijui.

Narudi mlangoni.

"Nimekuja kwa sababu niliuliza," Swaleh alisema. Alikuwa amenipa nafasi. Tulikuwa wawili tu pale kizingitini. Alikuwa ameniambia ukweli wa kuku miaka ile yote nyuma, na alikuwa anangoja nimlipe kwa ukweli wa mbuzi. Ningesema, "Nilimshika miguu," angekasirika, labda mwaka mmoja, labda miwili. Namjua. Angerudi.

Nilikuwa mzee wa kanisa. Nilikuwa yule mtu wa mahakama anayemtambua mwongo kwa kumtazama. Nikashusha sauti ili isivuke pazia, nikasema, "Hata mimi niliambiwa tu. Mama Mumbua ndiye aliyenihakikishia kwamba Bakari alikuja. Mimi nilikuwa ndani."

Mama yako alikuwa nyuma yangu, akifuta mikono kwa leso. Nilisikia kitambaa kikiacha kusugua.

Swaleh akamtazama juu ya bega langu. "Mama Mumbua. Ni kweli?"

Akasema, kwa sauti uliyoisikia wewe, "Ni mimi, Baba Rukia. Mnisamehe."

Swaleh hakumtazama usoni. Alimtazama vidole, vilivyokuwa na alama za sindano. "Sawa, mama," akamwambia, kwa upole ambao sikuuelewa. Mimi hakunitazama tena. Tangu dakika ile mpaka walipohama, hakunitazama tena.

Nilimwuliza mama yako mara moja tu kwa nini alikubali. Alinijibu, "Mumbua alikuwa nyuma ya pazia. Ulitaka nikuite mwongo akisikia?"

Sasa andiko hili limefika mwisho wake, na baada ya hapa nitaweka kalamu chini. Mbuzi alipokufa, mama yako hakuwa nyumbani. Hakuwa sokoni. Tangu alfajiri mpaka saa ya kwaya kuingia kanisani, alikuwa kibandani kwa Swaleh, ameketi na Mama Rukia kando ya cherehani, akishona vifungo vya majoho. Swaleh alikuwa ameketi naye asubuhi nzima. Aliposimama mlangoni na kumwuliza kama ni kweli, alijua si kweli, na mkewe alijua, na mama yako alijua kwamba wanajua. Katika nyumba zile mbili, aliyekuwa hajui ni wewe peke yako.